Papasi wa Njia ya Misafara

Katika njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji, papasi, yaani kupe laini anayejificha mchana katika nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku kunyonya damu, alisafiri bila nauli ndani ya mikeka na mizigo ya wapagazi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alionyesha kwamba papasi hueneza homa ya kujirudia na kurithisha vijidudu kupitia mayai yake. Kijidudu chenyewe, Borrelia duttonii, bakteria aliyejisokota kama skrubu, ni ndugu wa yule wa ugonjwa wa Lyme, ambao pia huenezwa na kupe. Hubadili ngozi yake ya nje ili kuiponyoka kinga ya mwili, ndiyo maana homa hupoa kisha hurejea, na akifika kwenye ubongo mgonjwa huweza kuchanganyikiwa au kupooza uso upande mmoja. Antibayotiki iitwayo doksisaiklini huitibu homa hiyo, ingawa dozi ya kwanza huweza kupandisha homa kwa ghafla, hivyo mgonjwa asiachwe peke yake. Kwa kuwa homa hii huweza kudhaniwa kuwa malaria, ambaye homa yake inarejea baada ya dawa ya malaria aombe kupimwa damu kwa darubini wakati homa imepanda.