Je, Yuko Kiumbe Asiye na Kazi?

Mtu akiona kiumbe kidogo huuliza kwanza, "Huyu afaa nini?" Swali hili si baya, mkulima huliuliza kila siku shambani mwake. Lakini sisi twauliza lingine: mtu asiyeijua kazi ya kiumbe, ana haki gani ya kusema kwamba hana kazi? Na tulitazame jambo hili katika Ziwa Victoria, maana huko lilijaribiwa kwa matendo.

Zamani ziwa hili lilijaa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi. Hata katika miaka ya 1970, wataalamu walipopima samaki wa chini ziwani, katika kila kilo 100 kilo 80 hivi zilikuwa za furu. Aina zao zilipita 500, na kila aina ilikuwa na chakula chake. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine mabuu ya wadudu, wengine matope yenye mabaki ya majani. Tena walikuwako waliokwangua magamba ya wenzao, na hata waliokula watoto waliofichwa kinywani mwa mama zao, jambo la kutisha kidogo. Basi kilichoota na kilichooza vilipita katika matumbo ya furu, kisha furu wakawa chakula cha samaki wakubwa, na ndege, na watu.

Walakini wenye madaraka wa zamani za ukoloni waliwaita samaki wa takataka. Wakaona ni heri aletwe samaki mkubwa, awageuze wadogo hao kuwa nyama nyingi. Hivyo sangara alitiwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954, na tena mwaka 1962 na 1963. Walikuwako wataalamu walioonya, lakini onyo lao halikuzuia neno. Kwa muda mrefu halikuonekana badiliko kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 sangara wakaongezeka upesi mno, na furu wakapunguka hata yadhaniwa kwamba aina 200 hivi zimepotea kabisa.

Sasa tuseme kweli yote. Samaki waliovuliwa waliongezeka mara kadhaa, viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na nyumba nyingi zikapata fedha. Mama aliyelipa ada ya shule ya mtoto wake kwa fedha ya sangara, hatuwezi kumwambia kwamba alikosa. Faida ilikuwako.

Lakini hesabu ya faida ilihesabu samaki walio wavuni tu, wala haikuhesabu kazi iliyofanyika majini. Furu hukaushwa juani. Sangara ana mafuta mengi, hutaka moshi au kukaangwa, na moto hutaka kuni. Mwani nao ukazidi, na maji ya kina yakapungukiwa hewa. Udongo na mbolea kutoka mashambani vilishiriki sana katika hayo, wala si haki kumtwika sangara mzigo wote. Ila walaji wengi wa mwani na wa mabaki walikuwa wameondoka wakati ule ule walipohitajiwa. Maji yalipofanyika machafu, furu jike, ambaye humchagua dume kwa rangi, hakuweza kumtambua vema wa aina yake, na aina zikachanganyika. Sangara mwenyewe, alipowamaliza furu, akageukia uduvi, na dagaa, na watoto wake mwenyewe.

Kwa maoni yetu kutokujua si kosa, maana nani angaliweza kuzijua kazi za aina 500? Kosa lilikuwa katika lile jina. Kitu kikiisha kuitwa takataka, hakuna tena anayeuliza chafanya nini, na onyo la ajuaye huonekana kuwa upuzi.

Tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana, furu wa aina chache wameonekana tena kwa wingi katika Ghuba ya Mwanza. Wataalamu waliowachunguza waliona kwamba baadhi yao wamebadili chakula, sasa hula wadudu wakubwa kuliko zamani, na matamvua yao yamepanuka, wapate kuvuta hewa katika maji yenye hewa haba.