Hofu Ina Mwenyewe

Katika mji mdogo wa Eunice, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, mwenye bucha mmoja alimpa mwanawe kazi ambayo watoto wengi wangeikimbia: kuchokoa ubongo wa ng'ombe kwa vidole mpaka aipate risasi iliyomwua mnyama. Ubongo ulikuwa kitoweo, na hakuna mteja aliyetaka kung'ata risasi mezani. Mtoto huyo, Joseph LeDoux, alizaliwa mwaka 1949. Aliujua ubongo kwa kuushika kabla ya kuusoma vitabuni, na alipokuwa mtu mzima aliendelea kutafuta ndani yake kitu kingine kisichoonekana kwa macho. Alitafuta hofu.

Kuanzia miaka ya themanini, jijini New York, alifanya kazi na panya. Panya husikilizishwa mlio, kisha hupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Baada ya mara chache, mlio peke yake unatosha: mnyama anaganda tuli, presha inapanda, moyo unakwenda mbio. Wahenga walilijua jambo hili bila maabara, ndiyo maana wakasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. LeDoux alitaka kujua mshtuko huo unapita njia gani kichwani.

Aliharibu sehemu ya gamba la ubongo inayotambua sauti, lakini panya aliendelea kujifunza kuuogopa mlio. Alipoharibu talamasi, kituo ambacho sauti hukipitia kabla ya kupanda juu, panya hakujifunza tena. Kwa hiyo ilikuwapo njia ya mkato. Njia hiyo hutoka talamasi moja kwa moja hadi amigdala, kifundo cha chembe chenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa kichwa. Kwa panya, habari hupita humo kwa takriban milisekunde 12, na njia ndefu inayozunguka kwenye gamba la ubongo huhitaji karibu mara mbili ya muda huo. Mwili unaruka, na mwenye mwili anafika baadaye kuuliza kama alichokanyaga ni nyoka au kamba.

Kitabu chake cha mwaka 1996, *The Emotional Brain*, kiliupeleka ugunduzi huo nje ya maabara. Amigdala ikawa maarufu. Magazeti yaliiita kituo cha hofu, na watu wakaanza kuzungumza kana kwamba hofu ina chumba chake kichwani, chenye mlango na kufuli, na kazi ya daktari ni kutafuta ufunguo.

Kwa Mswahili dai hilo lina ugeni wake. Lugha yake haijawahi kuiweka hofu kichwani. Moyo ndio unaokwenda mbio, roho ndiyo inayokuwa juu juu, na neno chungu hukata maini. Aliyekata tamaa amevunjika moyo na anayemfariji anamtia moyo. Hakuna anayetiwa ubongo. Mtu anaweza kuyatupa maneno hayo kama elimu ya kale iliyopitwa, lakini yana jambo moja ambalo picha ya chumba na kufuli haina: kila moja linamtaja mtu anayepatwa. Moyo uliovunjika ni wa fulani.

LeDoux mwenyewe alirudi hapo kwa njia ndefu. Kuanzia mwaka 2012, katika makala za kisayansi na baadaye katika kitabu chake *Anxious* cha 2015, alisema wazi kwamba yeye na wenzake walikosea neno. Kile walichokuwa wakikipima kwa panya ni mfumo wa kujikinga na hatari. Mfumo huo huugandisha mwili na kuuendesha moyo, na unaweza kufanya hivyo pasipo mtu kujua lolote. Hofu, kwa maana ambayo mwanadamu hulipa neno hilo, ni pale mtu anapojua kwamba ni yeye aliye hatarini. Kujua huko hujengwa na sehemu nyingi za ubongo, pamoja na kumbukumbu, lugha na picha ambayo mtu anayo juu ya nafsi yake. Si rahisi kwa mtaalamu kusema kwamba neno lililompa jina duniani lilikuwa neno lisilo sahihi, na kwa hilo peke yake LeDoux anastahili heshima.

Mbegu ya wazo hilo ilipandwa mapema. Katika miaka ya sabini, akiwa mwanafunzi wa Michael Gazzaniga, alimchunguza kijana wa Vermont anayejulikana katika maandishi kwa herufi P.S. Ili kumpunguzia kifafa, madaktari walikuwa wamekata mshipi wa neva unaounganisha nusu mbili za ubongo. Nusu ya kushoto, inayozungumza, ilionyeshwa ukucha wa kuku, na ya kulia ikaonyeshwa theluji. Kijana aliambiwa achague picha zinazolingana na alichokiona. Mkono wa kulia ulichagua kuku. Wa kushoto ulichagua beleshi, kwa ajili ya theluji ambayo nusu inayozungumza haikuiona kabisa. Alipoulizwa kwa nini, alijibu papo hapo kwamba beleshi ni la kusafishia banda la kuku. Hakuwa anadanganya. Mwili wake ulikuwa umetenda jambo, naye akalitafutia hadithi inayoeleweka. Ikiwa mikono yake inaweza kumtangulia hivyo, mapigo ya moyo nayo yanaweza.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa mwanamke wa Marekani anayeitwa S.M., ambaye ugonjwa adimu uliziharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye duka la nyoka na kwenye jengo lililotengenezwa kutisha watu, asiogope. Kama hofu ina chumba kimoja, chake kilikuwa kimebomolewa. Ndipo yakaja majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013: yeye na wagonjwa wengine wawili wenye dosari ile ile walivishwa kinyago na kuvuta hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa, inayomfanya mtu ahisi anakosa pumzi. Wote watatu walipatwa na kiwewe. S.M. alipunga mkono kuelekea kinyago akitaka kivuliwe. Miongoni mwa watu 12 wenye ubongo mzima, ni watatu tu waliofikia hali hiyo. Mwanamke asiyejua hofu kwa miaka mingi aliijua akiwa amevaa kinyago, na amigdala hana.

Wapo waliompinga LeDoux kwa nguvu. Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia aliyefariki mwaka 2017, alitumia maisha yake kutetea hisia za wanyama. Aliwatekenya panya na kunasa sauti nyembamba mno kwa sikio la binadamu, akaziita kicheko. Kwake, hisia huzaliwa katika tabaka za chini kabisa za ubongo, zile ambazo binadamu na panya wanazo kwa pamoja, na kumnyima mnyama hofu ni kiburi cha mwanadamu. Juu ya panya, hoja ya Panksepp haijavunjwa, na anayechinja au kufuga ana sababu ya kuitafakari. Juu ya binadamu, LeDoux ana jambo ambalo hospitali zinalihitaji. Dawa inayomfanya panya athubutu kutoka kwenye kona yenye giza inaweza kumwezesha mtu mwenye wasiwasi kwenda kwenye sherehe aliyokuwa akiikwepa, na bado akakaa pale sherehe nzima na hofu ile ile kifuani. Mwenendo umebadilika, lakini mtu hajapona.

Neno wasiwasi linafaa kusikilizwa hapa. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Kurani, An-Nas, inamwombea mja kinga dhidi ya mnong'onezaji. Katika picha hiyo wapo wawili: mnong'ono na anayeusikia. Muumini hakuhesabiwa kosa kwa kunong'onezwa. Hata hivyo, misikitini na makanisani bado wapo watu wenye wasiwasi mkali au sonona wanaoambiwa kwamba imani yao ni haba, waongeze sala na wapunguze mawazo, kana kwamba king'ora cha mwili kimelizwa na dhambi. Ukatili huu hauna hata msingi wa kale wa kusimamia. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akitenga huzuni yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na ile isiyo na sababu ambayo mgonjwa anaweza kuitaja. Hiyo ya pili aliihusisha na mwili, na damu. Miaka zaidi ya elfu moja imepita, na bado kuna mgonjwa wa sonona anayehojiwa juu ya ibada zake.

Upande wa pili una hatari yake: kumrudisha mgonjwa kwenye ubongo mtupu. Mwaka 2005, jijini Toronto, Helen Mayberg na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa sita wa sonona iliyoshinda kila tiba. Waliwapandikizia nyaya nyembamba karibu na eneo la ubongo linaloitwa 25, wakapitisha umeme. Wanne walipata nafuu ya kudumu miezi sita baadaye. Jaribio kubwa zaidi lililofuata Marekani, la wagonjwa 90, lilisimamishwa kwa kutoonyesha tofauti ya kutosha baina ya waliowashiwa umeme na ambao hawakuwashiwa.

Katika chumba cha upasuaji cha Toronto wagonjwa walikuwa macho, wametiwa ganzi ya kichwani tu. Umeme ulipowashwa, baadhi yao walianza kusema bila kuulizwa: utulivu umewashukia ghafla, utupu umeondoka, chumba kimekuwa na mwanga zaidi. Taa zilikuwa zile zile. Madaktari walilijua badiliko hilo kwa kuambiwa na mtu aliyelala mezani.