Haki ya Kusemewa

Anayesema kwa niaba ya mwingine hujitwalia haki ambayo pengine hakupewa. Hilo ndilo suala zito katika masomo ya tafsiri na ukalimani vyuoni. Kwamba tafsiri ni ya maandishi na ukalimani ni wa mazungumzo, vitabu vya mwaka wa kwanza vimeshaeleza, na yatosha.

Tanzania ina mfano wake, nao unauma. Mwaka 1970 mwongozaji filamu Pier Paolo Pasolini wa Italia alikamilisha Appunti per un'Orestiade africana, maandalizi ya filamu kuhusu Orestia, tanzia tatu za Mgiriki Aeschylus zilizochezwa Athens mwaka 458 K.K. Alipiga picha Uganda na Tanzania, Kigoma ikiwemo, akitafuta nani afae kuwa mfalme Agamemnon na nani mwanawe Orestes. Watu wanapita mbele ya kamera. Sauti inayowaeleza ni yake, kwa Kitaliano. Waafrika walioulizwa maoni ni wanafunzi wa Roma. Na huyu ndiye aliyeitafsiri Orestia mwaka 1960! Maneno ya Wagiriki aliyahangaikia. Kwa watu wa Kigoma aliridhika na sura.

Ni haki kusema kwamba kazi ile ilikuwa rasimu tu, na kwamba upinzani wa wanafunzi hao dhidi ya wazo lake hakuukata kwenye filamu.

Hoja inayoudhi ni nyingine: eti picha haihitaji mkalimani, uso wa binadamu husomeka popote. Si kweli hata kidogo. Mzee aliyeketi bandarini Wesha, magharibi ya Chake Chake kisiwani Pemba, macho baharini, huenda anangoja chombo, huenda amefiwa, huenda anapunga upepo tu. Msimulizi akisema anangoja wanaorudi kutoka vita vya Troy, mzee hana pa kukanushia. Tena tanzia yenyewe inaikataa hoja hiyo. Clytemnestra akishamuua mumewe, Agamemnon, hanyamazi. Anawaeleza wazee wa mji kwamba analipa damu ya bintiye Iphigenia, aliyetolewa kafara ili meli zipate upepo. Uso gani ungeyasema hayo?

Na Cassandra je? Analetwa mateka kutoka Troy, anaulizwa, kimya. Wazee wanadhani mgeni huyu anahitaji mkalimani. Kumbe Kigiriki anakijua. Anapofungua kinywa anataja mauaji yaliyopita na yajayo, na kifo chake mwenyewe, nao hawamwelewi mpaka yametimia. Kwa hiyo kumpa mtu lugha ni jambo moja, kumsikiliza ni jingine, na somo la ukalimani hufundisha zaidi lile la kwanza.

Kwa Kiswahili lugha hiyo ilipatikana: mwaka 1971 ilitoka Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya tanzia ya Mgiriki Sophocles, na msomaji wa Kiswahili akayapata maneno yenyewe. Lakini Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na nyumbani Wesha husemwa Kipemba. Edipode akiingizwa katika filamu, angetamka lahaja ipi mbele ya watazamaji wa Wesha, na nani wa kuamua: mtafsiri, chuo, au wao wenyewe?