Kabla Hujamwambia Mwenzako Atoe Joka

Wajukuu zangu, pamoja na ninyi mnaoniita guka ingawa ukoo wetu haukutani popote, leo sitawakanya kuhusu pombe wala bodaboda. Hayo mmeyasikia hadi masikio yameota sugu. Nataka tuzungumze kuhusu namna mnavyokosoana katika ule mchezo wenu wa vinyama vya Kijapani. Hapa Ngoliba nimewahi kuona watu wakinuniana kwa sababu ya mipaka ya shamba, ya maji ya kunyunyizia nyanya, ya deni la chama. Marafiki kunyimana salamu kwa sababu ya Pokémon ni jambo jipya kwangu, nikaona nisilidharau mpaka nilielewe. Mlinieleza, nami nikakaa nikasikiliza.

Wazee wenzangu wasioujua mchezo huu wanivumilie kidogo. Ulitoka Japani mwaka wa 1996, na aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto aliyependa kukusanya wadudu. Mchezaji huunda timu ya vinyama sita, kila kimoja kikibeba mapigo manne tu kati ya mengi kinayoweza kujifunza. Ziko aina 18: maji huumiza moto, moto huumiza majani, umeme haudhuru kabisa kinyama cha aina ya ardhi. Kinyama cha aina mbili kinaweza kurithi udhaifu kutoka pande zote mbili, pigo moja likakiingia mara nne. Kisha ziko pointi 510 za mazoezi ambazo unakigawia kila kinyama upendavyo, mradi zisizidi 252 kwa sifa moja, iwe kasi, nguvu au uvumilivu. Vijana ninaowazungumzia hawana mashine ya kuchezea. Wanatumia Pokémon Showdown, ambayo ni ya bure na hufunguka ndani ya kivinjari cha simu. Anayeanza huanzia pointi 1000 kwenye ngazi ya ushindani, apande kwa kushinda na kushuka kwa kushindwa.

Hesabu za namna hiyo hazitoshi kichwa kimoja. Lazima mtu mwingine akuangalizie, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Niliishuhudia nje ya kinyozi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne alimpa mwenzake simu, ile yenye ufa kwenye kona ya kioo, akamwambia, “Niangalizie timu.” Ndani mlikuwa na Dragonite, Salamence, Garchomp na wengine watatu. Mwenzake hakufika hata chini ya orodha. Alicheka, akainua simu juu ili waliokuwa kwenye foleni ya kunyolewa waone. “Buda, hii ni timu gani? Toa hawa wote!” Watu wakacheka, hata wale wasiojua Dragonite ni nini. Mwenye simu akasema ameshinda wengi kwa timu hiyo. Akajibiwa kwamba amekuwa akishinda watoto. Kufumba na kufumbua, mama za watu wakatajwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule aliyecheka alikuwa anasema kweli. Majoka yale matatu ni mazuri, lakini Dragonite na Salamence ni joka na ndege, Garchomp ni joka na ardhi, na wote watatu huumizwa na barafu mara nne. Mpinzani akiwa na kinyama kimoja tu chenye kasi na pigo la Ice Beam, nusu ya timu inaweza kuanguka bila kurusha ngumi. Aliyecheka aliliona hilo kwa kutupa jicho mara moja. Ni kipaji, simnyimi. Lakini neno “barafu” halikumtoka mdomoni hata mara moja. Mwenye timu alirudi nyumbani akijua ni nani aliyemwaibisha, bila kujua ni pigo gani litakalomuua.

Kama angeuliza tu: “Ukikutana na barafu, unaingiza nani?” Swali hilo halina tusi. Mwenye timu angepitisha macho kwa wale sita, angekosa jibu, na kosa angeligundua mwenyewe. Kisha mwenzake angemwambia kwamba aina ya chuma hupokea barafu kwa nusu ya maumivu, na mapigo ya joka vivyo hivyo, kwa hiyo mtu kama Metagross akikaa mahali pa joka mmoja, wale wawili waliobaki wanapata pa kukimbilia. Ushauri huo una ugonjwa, una dawa, na una sababu ya dawa. “Toa hawa wote” hauna chochote kati ya hivyo vitatu.

Nawaonya pia juu ya pupa ya kutoa na kuweka. Mnapenda sana kuambiana “toa huyu, weka yule” kabla hamjajua mwenzenu anataka kufanya nini. Mimi hucheza drafti pale stendi, kwa vifuniko vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa makaa, na ninawajua watu wa aina hiyo. Unatoa kete moja kwa makusudi, ukijua kanuni inamlazimisha mwenzako aile, na akishaila unaruka kete zake mbili na kupata kingi. Lakini kabla mkono wa mpinzani haujafika ubaoni, mtazamaji mmoja pembeni anapiga kelele: “Mzee, umeacha kete wazi!” Mpinzani anashtuka, anaanza kuuchunguza ubao, na mtego wako unaonekana. Mtazamaji yule alitaka kukusaidia. Aliona kete, lakini hakuona ilikuwa inaelekea wapi. Kwa hiyo ushauri, pamoja na kuwa na sababu, una wakati wake. Katikati ya mechi, funga mdomo.

Mlinisimulia habari ya Se Jun Park, na tangu siku hiyo nimemwazia sana. Mkorea Kusini huyo aliingia mashindano ya dunia ya Agosti 2014 jijini Washington, ambako wapinzani wake walijaza timu zao miamba inayojulikana, naye ndani ya timu yake akamweka Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye hakuna aliyemhesabu. Kindi yule alikuwa na pigo la kuvuta mashambulizi ya wapinzani yamwelekee yeye, na alikuwa na kipawa cha kumeza umeme ukamponya badala ya kumuumiza. Ubavuni mwake alisimama Gyarados, jitu la maji ambalo umeme ndio kifo chake. Mnaona? Umeme uliotupwa kwa Gyarados uliishia tumboni mwa kindi. Pointi zake za mazoezi ziligawiwa ili aweze kustahimili mapigo mazito, si ili aue mtu. Park alifika fainali, akamshinda Mmarekani Jeudy Azzarelli, akawa bingwa wa dunia.

Angeileta timu hiyo hapa nje ya kinyozi, mngemwambia nini? Mngemwambia amtoe kindi. Na mngekuwa mmeing’oa nguzo iliyobeba nyumba.

Lakini nawafahamu, msije mkajificha nyuma ya Pachirisu. Tangu mlipoisikia hadithi hiyo, kila mwenye kinyama dhaifu anajibu wakosoaji kwamba “hata Park alichekwa.” Park alikuwa na maelezo ya kila pigo na kila pointi. Wewe una maelezo gani? Kama jibu lako ni kwamba unampenda Dragonite kwa sababu ndiye aliyekuvuta kwenye mchezo, hilo ni jibu halali kabisa, wala usilionee haya. Ila liseme mapema. Sema, “Wengine nitabadilisha, huyu siachi.” Hapo mwenzako atapanga ushauri wake kumzunguka Dragonite, na hamtapoteza saa nzima mkivutana juu ya jambo ambalo ulikwisha kuliamua.

Na tukifika kwa anayepokea, ndipo nina maneno makali zaidi, maana huku ndiko mnakoharibu. Mtu anashindwa mechi, anakuja analalamika: “Nilipigwa kwa bahati mbaya.” Halafu anasimulia mechi kwa namna ambayo hata mimi nisiyecheza naona vipande vinakosekana. Mficha uchi hazai. Showdown inaweza kuhifadhi marudio ya mechi nzima, zamu kwa zamu, na mtu yeyote akayatazama. Basi leta marudio, acha hadithi. Uchague ile mechi uliyopigwa ukabaki huna la kusema, si ile uliyokaribia kushinda. Daktari humwonyeshi mguu mzima.

Bahati nayo ipo, siikatai. Pigo la Hydro Pump hufika mara 80 kati ya 100. Ukilihitaji lifike mara mbili mfululizo, umebakiwa na 64 kati ya 100. Pigo linalofika nalo halina uzito mmoja: maumivu yake huchezacheza kati ya asilimia 85 na 100. Kijana anabadilisha kinyama kwa ushauri wa mwenzake, anaingia mechi ya kwanza, Hydro Pump inakwenda pembeni, anashindwa, anarudi mbio kumtukana aliyemshauri. Au kinyume chake: anashinda mechi moja kwa bahati, anamtangaza mshauri kuwa nabii. Wote wawili hawajajua lolote. Chukua daftari. Cheza mechi nyingi kwa timu mpya, uandike kila ulipopoteza ni nini kilichokuangusha. Kama barafu haionekani tena kwenye orodha ya vifo vyako, ushauri ulikuwa mzuri, hata kama bado unashindwa kwa mambo mengine.

Mtaniuliza: je, tumsikilize aliye juu kwenye ngazi? Sisi wazee tunapenda ile methali ya asiyesikia la mkuu, na tumeitumia mara nyingi kuzima maswali mazuri ya vijana. Katika jambo hili siwaruhusu muitumie hivyo. Mwenye pointi 1700 amekutangulia, mpe nafasi ya kwanza ya kusema. Lakini akiulizwa “kwa nini” akajibu “kwa sababu nakuambia,” huyo amechoka kufikiri. Wapo pia wanaonakili timu nzima ya bingwa, pointi hadi pointi, kisha wanakosoa wengine kwa kuilinganisha na ile waliyonakili. Usione vyaelea, vimeundwa. Anayejua jina la kila kinyama kwenye timu ya bingwa lakini hajui kwa nini kasi ya mmoja imepunguzwa kidogo na uzito ukapelekwa kwenye uvumilivu, huyo bado ni msomaji wa orodha.

Kuna jambo jingine ambalo halinipendezi. Kwenye kundi lenu yuko binti wa kibanda cha M-Pesa. Nimekaa karibu nanyi vya kutosha kuona kwamba yeye ndiye anayeuliza swali kabla ya kutoa jibu, na kwamba mara nyingi jambo analosema kwa sauti ya chini hurudiwa na mvulana fulani kwa sauti ya juu baada ya dakika kumi, ndipo likapokelewa. Mnajifanya hamjui lilitoka wapi. Anajua. Mkiendelea hivyo, ataacha kuwaambia, na mtabaki na wale wa kucheka.

Tena, kukataa ushauri si dhambi. Unaweza kumwambia mwenzako, “Nimekusikia, lakini nitabaki na Salamence kwa sababu hii na hii.” Yeye naye akishasema lake, aliache hapo. Mambo ya kumfuata mtu kesho yake kumuuliza kama ametii, kisha kumzomea anaposhindwa, ni mambo ya mdai, si ya rafiki. Timu ni yake na pointi zitakazoshuka ni zake.

Kuhusu wale wawili wa kinyozi, niliwaita kwangu, nikawapa chai, na hukumu yangu ni hii. Aliyecheka atacheza wiki nzima kwa timu ile ile ya majoka matatu aliyoicheka, asibadilishe hata pigo moja, na aandike alivyojaribu kuiokoa. Mwenye timu atachukua timu ya mwenzake autafute udhaifu wake, na akiupata auandike kama swali, si kama tusi. Wakanung’unika, wakakubali. Jumamosi wataniletea madaftari, na nimewaambia wasifike kabla ya saa kumi, kwa kuwa mchana nina mechi ya drafti pale stendi na sitaki mtu wa kunishauri.