Nguvu Hukodishwa, Hukumu Haikodishwi

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 20:19–20, Mathayo 13:24–30 na 36–43, Mathayo 12:43–45



Mtu akipata ploti hapa Garissa, mara nyingi kitu cha kwanza kumpokea ni mathenge. Umeziba njia, umejaa kwenye kona zote, na ndani yake hujui nyoka amelala wapi. Mwiba wake unatoboa kandambili, unatoboa hata tairi, na ukimwingia mtoto mguuni, mguu unavimba. Basi mwenye ploti anapiga hesabu. Vibarua wenye panga na majembe watachukua siku nyingi. Tingatinga, lile lenye ndoo kubwa mbele na mkono wa kuchimba nyuma, litamaliza asubuhi moja. Analikodi kwa saa. Kufika adhuhuri ploti imekuwa nyeupe kama kiganja cha mkono.

Je, amefanya vibaya? Hapana, si lazima. Mwanzo 2:15 inatuambia Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na kulima ni pamoja na kung'oa. Lakini hebu tujiulize swali moja wiki hii. Katika ile asubuhi moja, ni nani aliyeamua mti upi ubaki na upi uondoke? Opereta? Yeye analipwa kwa saa, na amefika hapo leo tu. Mashine? Mashine haina macho. Kama mwenye nyumba alikuwa ameketi mbali kwenye kivuli akingoja kazi iishe, basi hakuna aliyeamua. Na mti wa miaka arobaini umeanguka bila mtu yeyote kuuhukumu.

Neno langu leo ni hili tu: nguvu unaweza kuikodi, lakini hukumu huwezi kuikodi. Hukumu ni kazi ambayo Mungu amemwekea mwenye nyumba mwenyewe.

Tuanze na mathenge wenyewe, maana una funzo. Huu si mti wa kwetu, asili yake ni Amerika. Kenya ulipandwa mwaka 1973 kule Bamburi, karibu na Mombasa, ili kufunika machimbo ya saruji yaliyokuwa yameachwa wazi. Miaka ya 1980 ukapelekwa sehemu kavu kama Baringo, Turkana na hapa jirani zetu Bura, Tana River. Waliouleta hawakuwa watu wabaya. Waliona mama anatembea mbali kutafuta kuni, waliona mchanga unapeperuka, wakatafuta mti usioogopa jua. Wakaupata. Kweli mathenge hauogopi jua! Unatoa kuni, unatoa makaa mazuri, nyuki wanapenda maua yake.

Ila kuna mambo hayakuangaliwa vya kutosha. Maganda yake ni matamu, mbuzi na ng'ombe wanayapenda, na mbegu inapita tumboni ikiwa nzima, inatoka na mavi, inaota mahali pengine. Mto ukifurika unaibeba tena mbali zaidi. Kule Baringo sukari ya maganda hayo iliharibu meno ya mbuzi, mpaka wananchi wakaishtaki serikali na mbuzi aliyepoteza meno akapelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi mathenge kuwa gugu baya. Ndugu zetu upande wa Somalia wameupa jina garanwaa, maana yake ni kama kusema usiojulikana. Jina hilo lina hekima. Mti uliletwa kwa haraka, watu hawajaujua, na leo wajukuu wanalipa.

Sasa angalia, mpendwa. Anayepanda bila kujua na anayeng'oa bila kujua wana tofauti gani? Wote wawili wameona shida moja, wakapata dawa yenye nguvu, wakaitumia kabla ya kuuliza. Ukileta tingatinga likazoa mathenge pamoja na mgunga, mkunazi na mswaki, umerudia kosa lile lile kwa upande wa pili.

Musa aliliona jambo hili zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 20, Mungu anawaagiza wanajeshi wa Israeli wanapouzingira mji kwa siku nyingi. Hapo ni vitani, mtu ana haraka kuliko mwenye ploti yeyote. Bado Mungu anasema miti ya matunda isiguswe na shoka. Halafu anaruhusu mingine ikatwe, lakini sikia sharti lake: ni ile miti ambayo wanajua kwamba haitoi chakula. Wanajua! Hakusema ile wanayoidhania. Ruhusa ya kukata imefungwa kwenye kujua. Kama huujui mti, ruhusa hiyo bado hujapewa. Uliza kwanza.

Na utamuuliza nani? Wengi wetu wa kanisa hili tumekuja hapa kwa kazi, tumetoka bara. Huenda mti unaouita kichaka tu, mzee wa Kisomali wa jirani anaujua kwa jina, anajua ngamia wanakula majani yake mwezi gani, na mama yake alitumia gome lake kwa dawa gani. Nenda umsalimie. Mwambie, "Mzee, nataka kusafisha hapa, nionyeshe." Hilo pekee ni ushuhuda kuliko kipaza sauti.

Mwingine atasema, mathenge ni mti mgeni, kila kigeni kiondoke. Pole pole, ndugu! Mwarobaini tunaokaa chini yake mchana hapa mjini, nao ulitoka upande wa India. Ni mgeni, lakini unatupa kivuli, na watu wanaupenda. Kwa hiyo ugeni haukuwa kosa la mathenge. Bwana Yesu alisema mti hutambulikana kwa matunda yake, hakusema hutambulikana kwa mahali ulikotoka. Na sisi tuliokuja Garissa na masanduku yetu tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Najua kuna mtu anasema, "Mchungaji, saa ya tingatinga ni pesa. Nitasimama nichague mti mmoja mmoja huku mita inasonga?" Ni swali la haki, mshahara wa mwalimu na wa muuguzi tunaujua. Jibu ni kwamba hukumu inafanyika kabla mashine haijafika. Jioni ya siku iliyotangulia tembea ploti yote kwa miguu. Funga kitambaa chekundu kwenye kila mti unaobaki. Onyesha opereta mabomba ya maji yanapopita. Angalia kivuli cha mti wa mpakani kinamwangukia nani saa nane mchana. Kama ni mama anayeuza maziwa hapo nje, basi mti ni wako lakini kivuli mnagawana, na yeye asikie habari kutoka kinywani mwako kabla ya kuisikia kutoka kwenye injini. Okota maganda ya mathenge kabla udongo haujavurugwa, maana ndoo na tairi zitabeba mbegu hadi kwa mteja wa kesho. Kazi yote hiyo haikugharimu hata dakika moja ya mashine. Imekugharimu miguu yako tu.

Sasa tuingie ndani zaidi. Wanaoujua mathenge wanasema ukiukata juu ya ardhi umeupogoa tu. Unachipua tena, na mahali palipokuwa na shina moja panatoka mashina mengi. Lazima ushuke chini ya udongo, ukate pale shina linapokutana na mizizi, ndipo unakufa. Hapa mkono wa nyuma wa tingatinga unafanya kazi nzuri kuliko panga. Lakini lazima mtu aulekeze, aseme, "Chimba hapa, bado hujafika." Kusukuma kwa ndoo ya mbele tu, ploti ionekane safi machoni pa wapita njia, ni hasara. Mvua ikinyesha utaona.

Waebrania 12:15 inatuonya juu ya shina la uchungu lisije likachipuka ndani yetu na kuwachafua wengi. Wapendwa, tunaipenda sana mikutano mikubwa. Tunamwalika mtumishi mwenye upako kutoka mbali, tunakesha, tunaanguka, tunainuka. Utukufu kwa Mungu, nguvu zake ni za kweli! Ila wengine tunamtumia mtumishi kama tingatinga la kukodi. Tunataka aje asubuhi moja azoe kila kitu, halafu sisi tusiseme hata mti mmoja kwa jina lake. Mtumishi hajui kwamba hujaongea na ndugu yako tangu mgawane shamba la baba. Hajui ile pesa ya chama ilikwenda wapi. Wewe unajua. Nguvu inaweza kutoka madhabahuni, lakini kidole cha kuonyesha shina ni chako. Bila hicho, tunafagia matawi, na mwezi ujao yanachipua.

Tumefika kwenye jambo zito zaidi. Mtu aliyesoma Mathayo 13 atauliza: mbona Bwana Yesu aliwakataza watumwa kung'oa magugu? Akasema yaachwe yakue pamoja na ngano mpaka mavuno. Je, tuache mathenge basi? Soma mstari wa 38. Yesu mwenyewe anafafanua kwamba shamba lile ni ulimwengu, na anaozungumza habari zao ni watu. Ua wako umepewa ulitunze. Moyo wako umepewa uulinde. Lakini kung'oa watu, hapo Bwana amesema ngoja, wavunaji ni malaika. Na sababu aliyoitoa ni ile ile ya kujua: watumwa wangeng'oa na ngano.

Sisi wa Garissa hatusomi mfano huu kama hadithi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini, na watu 148 wakauawa. Mwezi huo huo serikali ikaitaka UNHCR iifunge kambi ya Dadaab ndani ya miezi mitatu, kambi yenye mamia ya maelfu ya watu. Uchungu wa wakati ule ulikuwa wa haki, na wauaji walistahili kutafutwa mmoja mmoja. Lakini kusema wote waondolewe ni lugha ya tingatinga. Haina macho ya kumtofautisha muuaji na mtoto aliyezaliwa kambini.

Halafu mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, basi la kwenda Mandera likashambuliwa karibu na El Wak. Wauaji wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Wakawapa akina mama Wakristo mavazi ya kujifunika. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile kwa kukataa kuwatenga Wakristo, akafariki Januari 2016. Niambie, kama mtu angekuwa amelikodi lile tingatinga la hasira miezi michache kabla, likasafisha kila jina la Kisomali, ni nani angewasimamia ndugu zetu ndani ya lile basi? Ndiyo maana Bwana alisema ngoja. Alijua hatujui.

La mwisho. Mathenge unapenda sana udongo uliovurugwa na kuachwa wazi. Mbegu zilizolala chini hungoja miaka, na mvua ya kwanza zinaamka. Ploti iliyosafishwa ikaachwa tupu inaweza kuwa msitu mnene kuliko wa kwanza. Katika Mathayo 12 Bwana anaeleza habari za nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini ikakaa tupu. Yule pepo akarudi na wengine saba. Kwa hiyo siku mashine inapoondoka, ndipo kazi yako inapoanza. Fukia mashimo mtoto au mbuzi asitumbukie. Panda nyasi, panda mwarobaini, panda mkunazi, na kama uko karibu na mto panda mwembe. Kila baada ya mvua pita uvute miche ya mathenge kwa mkono ikiwa bado midogo. Hiyo ni kazi ya jembe na magoti, haina mlio wa kuvutia watu barabarani. Na moyo uliotubu ni hivyo hivyo. Palipokuwa na chuki pande ziara ya kumtembelea jirani. Palipokuwa na uongo pande deni lililolipwa.

Wiki hii, kabla hujapiga simu ya kukodi nguvu yoyote, iwe ya injini, ya mtumishi au ya serikali, tembea kwanza na kitambaa chako chekundu. Ujue kinachobaki, na kwa nini.

Tuombe: Baba, utupe mikono yenye nguvu na macho yanayojua. Tuonyeshe shina lililo ndani yetu, tulitaje kwa jina. Utuzuie mahali ambapo hukutupa ruhusa ya kung'oa. Na pale tulipong'oa, utupe uvumilivu wa kupanda. Katika jina la Yesu, amina.