Nyumba Chakavu kwa Bei ya Shida

Siyo kila familia inayomiliki nyumba Songea iliijenga kuanzia msingi. Wengine hununua nyumba ya zamani iliyochoka na kuitengeneza kidogo kidogo, kadiri mavuno na mshahara vinavyoruhusu. Nyumba za namna hiyo zinajulikana: kuta za matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, bati lililoliwa na kutu, kenchi zilizotobolewa na mchwa, lipu inayobanduka kila masika. Anayeinunua ananunua pia kazi ya miaka kadhaa. Hakuna ubaya katika hilo. Biblia inamheshimu mtu anayejenga upya palipobomoka, na Isaya 58:12 inalihesabu jambo hilo kuwa tunda la dini ya kweli.

Swali gumu huja kabla ya saruji na misumari. Huja wakati wa kupatana bei.

Chukua mfano wa familia inayoishi Lizaboni katika vyumba viwili vya kupanga. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama anauza nguo sokoni. Kwa miaka tisa wamerudisha zaka kwa uaminifu, wameweka akiba ya shilingi milioni 9, na wamemwomba Mungu awape mahali pao. Siku moja dalali anawapeleka Mfaranyaki kuona nyumba ya wazee wawili. Nyumba kama hiyo ikiwa nzima ingeuzwa milioni 20. Fundi anaikagua na kusema kwamba kuezua, kubadilisha kenchi, kuezeka bati jipya, kupiga lipu na kutengeneza milango kutakula milioni 6. Kwa hesabu ya kawaida, nyumba ilivyo sasa ni ya milioni 14. Wazee wanaomba milioni 8, mradi zilipwe kabla ya Ijumaa. Mzee anaumwa na amepewa rufaa ya kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Dalali anawaambia, "Mkichelewa, kuna mtu ana milioni 7 mkononi."

Wengi wangesema palepale, "Bwana ametufungulia mlango." Siku ya Sabato wangesimama mbele ya kanisa kushuhudia. Je, wangekuwa sahihi?

Punguzo lina mwenyewe

Bei ya nyumba chakavu inaweza kushuka kwa sababu zaidi ya moja, na sababu hizo hazina uzito sawa mbele za Mungu.

Sababu ya kwanza ni ubovu wa nyumba yenyewe. Zile milioni 6 za kwanza, kutoka 20 hadi 14, zinatokana na kutu na mchwa. Mnunuzi hakumnyang'anya mtu chochote, kwa kuwa fedha hiyo ataitoa yeye mwenyewe kwa fundi na dukani. Soma Mambo ya Walawi 25:14–16. Bwana aliwakataza Israeli kudhulumiana katika kuuza na kununua, kisha akawafundisha namna ya kupanga bei ya shamba: miaka ya mavuno iliyobaki ikiwa mingi, bei ipande, ikiwa michache, bei ishuke. Kumbe bei inaruhusiwa kushuka. Lakini inashuka kwa sababu iliyomo katika shamba. Njaa ya anayeuza haikuwekwa katika hesabu.

Sababu ya pili ni shida ya muuzaji. Milioni 6 nyingine, kutoka 14 hadi 8, hazikuliwa na mchwa. Nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mzee anaumwa na siku ni chache. Fedha hiyo imetoka katika uzee wa watu wawili. Hata kama wameitamka bei hiyo kwa vinywa vyao wenyewe, wameitamka wakiwa wamebanwa.

Sababu ya tatu ni haki isiyo wazi. Wakati mwingine nyumba huwa rahisi kwa sababu anayeuza si mwenye mamlaka ya kuuza. Ndugu wa marehemu wanaharakisha kabla mjane hajajua, au mume anauza huku mkewe yuko shambani. Waswahili wana msemo, kufa kufaana. Mkristo hapaswi kuutimiza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na shemeji mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo hata wale wazee wa Mfaranyaki, hati ikiwa na jina la mume peke yake, mke lazima naye aulizwe na kuridhia. Punguzo la aina hii ni malipo ya kufumba macho.

Basi kabla ya kusema "Mungu ametupunguzia", familia ijiulize: hili punguzo linalipwa na nani? Likiwa linalipwa na jasho la mnunuzi, ni halali. Likiwa linalipwa na machozi ya jirani, haifai kuitwa baraka kwa haraka. Mungu anajibu maombi ya mwenye kupanga, lakini mgonjwa naye ameomba usiku uleule.

Halali kisheria, je, ni haki?

Mtu anaweza kusema: kuna mkataba, kuna mashahidi, mwenyekiti wa mtaa yupo na wakili amegonga muhuri; dhuluma iko wapi?

Soma Nehemia 5:1–12. Watu wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Fungu halisemi kwamba waliokopesha walighushi hati. Wenye shida walikubali masharti wenyewe. Hata hivyo Nehemia alikasirika sana, akawaambia wakuu kwamba jambo wanalolitenda si jema, akawataka warudishe mashamba na nyumba siku ileile. Hakuwauliza kama walikuwa na saini. Aliwauliza kama wanamcha Mungu.

Biblia ina pia mifano miwili ya ununuzi uliofanyika wakati wa shida. Katika Mwanzo 23, mwenye shida alikuwa Ibrahimu: Sara amefariki, naye hana hata mahali pa kuzika. Efroni Mhiti akataja shekeli 400 za fedha. Ibrahimu, akiwa katika msiba, alizipima zote mbele ya watu langoni bila kubishana. Msomaji anayeitazama habari hii kwa makini anaona jinsi mwenye msiba asivyo na nguvu ya kupatana bei.

Katika Yeremia 32 mambo yako upande mwingine. Babeli imeuzingira mji, na Yeremia mwenyewe amefungwa. Hanameli, mtoto wa ami yake, anamletea shamba la Anathothi alinunue. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelitaka shamba ambalo adui atalichukua. Yeremia akapima shekeli 17, akatia saini, akaita mashahidi, na hati ikawekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Wakati wa vita, nabii ndiye aliyebeba hasara, na jamaa yake akaondoka na fedha. Imani yake ilionekana katika kubali lake la kubeba mzigo ambao angeweza kumwachia mwenye shida.

Lakini wao nao ni maskini

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa heshima. Familia ile ya Lizaboni si tajiri. Ina milioni 9 tu. Haiwezi kulipa 14. Isiponunua, wazee watachukua milioni 7 za yule mwingine na hali yao itakuwa mbaya zaidi. Je, dhamiri safi ya mnunuzi itamsaidia nini mgonjwa?

Pingamizi hili ni la kweli, na kwa sababu hiyo jibu lake si kukunja mikono na kuondoka. Kuna njia zilizo katikati ya kunyonya na kukimbia. Familia inaweza kulipa milioni 8 kabla ya Ijumaa, na kuandika katika mkataba kwamba milioni 6 zilizobaki zitalipwa kwa awamu, kila baada ya mavuno. Au inaweza kufuata busara ya Walawi 25:29–30, ambapo aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye kuta alikuwa na mwaka mzima wa kuikomboa: mkataba useme kwamba katika miezi 12 wazee wakipata fedha, watairudishia familia fedha yake pamoja na gharama za matengenezo, nao warudi kwao. Au familia inaweza kulipa kodi ya miaka kadhaa mbele, ikae na kuitengeneza nyumba, huku nyumba ikibaki ya wazee.

Kila njia ina maumivu yake. Kulipa kwa awamu maana yake ni kulala chini ya bati linalovuja kwa masika nyingine moja au mbili. Kuacha mlango wa ukombozi wazi maana yake ni kupiga lipu ukuta ambao huenda usiwe wako mwakani. Kupanga maana yake ni kuendelea kuitwa mpangaji. Haki haikuahidiwa kuwa rahisi. Lakini familia itakayopita njia hiyo itaweza kumtazama yule mama mzee usoni wanapokutana sokoni.

Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akaenda zake akijisifu. Njia rahisi ya kujipima ni hii: ushuhuda utakaotolewa kanisani kuhusu nyumba hiyo, je, ungeweza kutolewa vilevile wale wazee wakiwa wameketi benchi la mbele?

Fundi naye

Swali la nani analipa haliishi kwenye mkataba. Linaendelea kazi inapoanza. Yeremia 22:13 inatamka ole juu ya mtu anayejenga nyumba yake pasipo haki na kumtumikisha jirani yake bila ujira. Saidia fundi anayebeba maji na kuchanganya udongo kutwa nzima akiambiwa "njoo wiki ijayo", naye amelipia sehemu ya ukarabati. Kumbukumbu la Torati 24:14–15 linaagiza ujira ulipwe kabla jua halijatua. Kwa familia ya Kiadventista, saa inayofaa sana kukumbuka agizo hilo ni Ijumaa mchana. Maandalio ya Sabato hayajakamilika kwa nguo zilizopigwa pasi na chakula kilichopikwa, ikiwa kijana aliyefanya kazi tangu Jumapili anarudi kwake mikono mitupu.

Kisha kuna Sabato yenyewe. Mvua za Songea huanza kati ya Novemba na Desemba. Paa limeezuliwa Alhamisi, Ijumaa mawingu yamejaa, na fundi ambaye si mshiriki anasema, "Mwalimu, nyie nendeni kanisani, mimi na vijana tutamaliza kesho." Inaonekana kama suluhisho: familia inatunza Sabato na nyumba inapata bati. Lakini Kutoka 20:10 inamtaja mtumishi na mgeni aliye malangoni, na Kumbukumbu la Torati 5:14 inaeleza kwamba mtumishi apumzike kama bwana wake. Pumziko linalonunuliwa kwa kazi ya mtu mwingine kwa faida yako ni punguzo la aina ileile. Mvua kubwa ikishuka usiku, kutandika turubai juu ya vitanda vya watoto ni rehema, kama yule ng'ombe wa Luka 14:5 aliyetumbukia kisimani. Kuendelea kupiga misumari ili kazi iishe ni jambo jingine. Busara ni kupatana na fundi mapema siku zipi hakuna kazi, na kutoezua paa katikati ya wiki.

Ufa usioonekana

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za nyumba chakavu huonekana, na fundi mzuri anajua kuzitibu: anabandua lipu ya zamani, anaondoa tofali bovu, anaanza upya pale palipo pazima. Ndivyo kuhani alivyoagizwa kuitendea nyumba yenye pigo katika Walawi 14:39–42. Hakuruhusiwa kupaka juu ya ugonjwa. Ufa ulioingia siku ya kupatana bei hauonekani kwa macho, na hakuna rangi inayoufunika mbele za Mungu. Lakini nao unaweza kuzibwa. Aliyenunua zamani kwa bei ya shida bado anaweza kufanya kama wale wakuu wa Yerusalemu, ambao baada ya kusikia walikubali kurudisha. Mahali pa kuanzia ni mlango wa yule aliyeuza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mtu anawezaje kutofautisha mlango uliofunguliwa na Mungu na nafasi iliyotokana na msiba wa mwingine? Je, inawezekana vikawa vyote viwili?

2. Kati ya njia tatu zilizotajwa, ipi inafaa zaidi kwa familia yenye kipato kidogo katika mtaa wenu? Kuna njia ya nne?

3. Kanisa lina wajibu gani kwa mshiriki au jirani anayelazimika kuuza nyumba ili atibiwe, kabla dalali hajafika?

4. Mapatano yenu na mafundi, wafanyakazi wa ndani na vibarua yanasema nini kuhusu ujira na kuhusu Sabato?