Manowari Kongwe za Kilindini

Msomaji, ukisimama Likoni na kuyatazama maji ya Kilindini, huona meli za shehena zikiingia na kutoka taratibu. Katika mwaka 1942 maji hayo yalipokea wageni wa namna nyingine: manowari nne za Waingereza, Resolution, Ramillies, Revenge na Royal Sovereign. Ujenzi wake ulikuwa umekamilika mwaka 1916 na 1917, wakati wa Vita Kuu vya Kwanza. Kila moja ilikuwa na mizinga mikubwa minane na mabaharia wapatao 1,000.

Zililetwa huku kwa sababu nzito. Mwezi wa Aprili mwaka huo ndege za Japani, zilizoruka kutoka katika manowari za kubebea ndege, zilishambulia kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, zikazamisha Dorsetshire, Cornwall na Hermes. Admirali James Somerville, mkuu wa manowari za Waingereza katika Bahari ya Hindi, aliona kuwa zile nne hazingeweza kumkabili adui wa namna ile. Mwendo wake ulikuwa mzito, na sitaha zake ziliundwa kabla ndege haijawa tishio kwa meli. Akazipa kazi ya kulinda misafara ya meli katika upande huu wa bahari.

Je, lilikuwa jambo jema kuendelea kuzitumia? Swali hili halijazeeka. Marekani ina ndege ya kutupa mabomu iitwayo B-52, iliyoruka kwanza mwaka 1952. Ya mwisho iliundwa mwaka 1962, nazo zingali zikiruka, na mpango uliopo ni kuzitia injini mpya.

Mwenye jahazi lililochoka katika Bandari ya Kale anazo njia tatu. Aweza kulipandisha pwani. Aweza kulitia kalafati na kulitumia kwa safari fupi, bahari ikiwa shwari. Au aweza, yeye mwenyewe akibaki barazani, kuwapeleka mabaharia wake bahari kuu, kusi ikivuma, naye anajua vema jinsi mbao zilivyooza. Katika njia mbili za kwanza simwoni na lawama. Katika ya tatu amewadhulumu watu. Tena baharia wa jahazi aweza kushuka akatafuta chombo kingine. Askari hana ruhusa hiyo. Akiamriwa kupanda hupanda, na kwa hiyo deni la roho yake liko juu ya aliyeamuru.

Wako wasemao kwamba dawa ni kununua kipya. Lakini Prince of Wales, manowari iliyoanza kazi mwaka 1941, ilizamishwa na ndege za Japani tarehe 10 Desemba mwaka huo huo. Ramillies kongwe ilipigwa topido huko Diego Suarez, Madagaska, tarehe 30 Mei 1942, isizame. Na tarehe 6 Juni 1944 mizinga yake iliwasaidia askari walioshuka pwani ya Normandy. Nionavyo mimi, Somerville alihukumu sawasawa: alikipa chombo kazi iliyolingana na nguvu zake.

Hata hivyo kipimo hicho kina upungufu, na B-52 yauonyesha. Desemba 1972 Marekani ilipoteza 15 kati yake katika kuishambulia Vietnam ya Kaskazini, nchi iliyokuwa na makombora ya kujilinda. Katika Afghanistan, tangu mwaka 2001, ziliruka juu sana, na waliokuwa chini hawakuwa na silaha ya kuzifikia. Marubani walirudi salama. Basi kwa kipimo cha Somerville ndege kongwe ilipewa kazi iliyoiweza. Lakini iliiweza kwa kuwa waliopigwa walikuwa wanyonge. Jeshi linapokaa kuamua kama ndege hiyo iendelee au iachishwe kazi, huhesabu gharama, injini na usalama wa marubani. Mimi ningelitaka liulize pia ni nani atakayekuwa chini yake.